Daftari la Mapumziko

Kazi yangu ni kalamu.
Ofisi ya mabasi, Malindi: dirisha la wavu,
feni inazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo,
na daftari refu, jalada limevimba kwa chumvi ya hewa.
Basi likiingia naandika saa. Likitoka naandika saa.
Katikati pana safu nyembamba:
Dereva amepumzika saa ngapi?

Hiyo mimi huijaza mapema, kabla mtu hajashuka.
Nane.
Miaka sita, nane tupu, zimepangana kama shanga.
Nane ni tarakimu ya mviringo, hujifunga yenyewe,
haiachi upenyo wa kuchungulia.

Jana Ngumbao aliingia saa nane za usiku.
Akatoka na basi la saa kumi na moja alfajiri,
na kati ya nane na kumi na moja nikatia nane.
Mkaguzi amepiga muhuri. Hata mtoto wa chekechea,
kwa vidole vyake, angenirudisha ubaoni.

Kwake ni Marafa, na Marafa hakufikiki na kurudika
kwa saa tatu. Basi hulala kwenye buti la gari,
mlango umeegemezwa kwa jeki,
baina ya magunia ya nazi na godoro jipya la mteja
ambalo, kwa heshima, halilalii.
"Nigonge mara mbili, Mbeyu," huniambia.
"Mara moja nitadhani ni ndoto."

Nimemwona akikamua ndimu kwenye kope.
Nimemwona usukanini akinyonyoa malaika za mkono,
moja baada ya moja, ili maumivu yamshike macho,
mpaka nikajiuliza atabakiwa na nani wa kumlinda.

Wiki iliyopita, kabla ya Gede,
alikanyaga breki hadi matairi yakalia.
Watu wakaamka mapajani mwa wenzao,
dumu la maziwa likapasuka,
mzee mmoja akatoa shahada.
"Ng'ombe," akasema. "Mweupe. Katikati ya njia."
Utingo akashuka na tochi. Lami tupu.
Hata kinyesi hapakuwa.

Tajiri akamkata mshahara, gharama ya matairi.
Nikamuuliza pale dirishani, polepole.
Akacheka, macho mekundu kama taa za nyuma:
"Yule ng'ombe namjua, Mbeyu.
Baba alimuuza nipate leseni."

Leo.
Saa kumi na nusu nimetoka na sarafu yangu ya kugongea.
Miguu yake imechomoza nje ya buti,
soksi moja tu, kisigino kimepasuka
kama ardhi ya kwao.
Nikagonga mara moja.
Akasema, usingizini, kwa sauti ya mtoto mchungaji:
"Hoo. Hoo. Pita huku, mama."
Sikugonga ya pili.

Sasa jua limetoka. Watu kumi na tisa, tikiti mkononi.
Mmoja ana miadi ya daktari, mwingine ana kesi,
wa tatu ananiita mvivu na mama yangu pia anamtaja.
Nawaambia: basi lipo, dereva hayupo.
"Yuko wapi?"
"Yuko njiani," nasema, na wala si uongo:
anamtoa ng'ombe barabarani.

Simu inatetema, jina la tajiri usoni,
inatambaa mezani kama kaa.
Naiacha itambae.
Nafungua daftari. Nane ya leo niliiandika jana,
wino umekwisha kukauka.
Naipiga mstari, mmoja, mnyoofu
(sijawahi kuharibu ukurasa),
na juu yake, kwa herufi ndogo, naandika:
bado anaendelea.